Shajara ya mradi: kaunta buku ya ami na vidakuzi vya watu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mradi umeanza kwa ugomvi, kama miradi mingi ya ndugu. Jana papasi wawili, vijana wanaopelekea ofisi za ziara wageni kwa kamisheni, walikamatana mashati mbele ya ofisi ya ziara ya ami yangu pale Malindi, Unguja, wakigombea kamisheni ya wageni wawili wa Kijerumani waliokwenda ziara ya viungo Kizimbani. Mmoja alikutana nao Forodhani usiku wa kuamkia jana, akawapa kadi ya ofisi. Wa pili aliwakuta asubuhi mlangoni, akawafungulia mlango na kuingia nao. Ziara ni shilingi 160,000, kamisheni asilimia 10. Watu wazima wameraruana kwa elfu kumi na sita, na shati lililochanika lina thamani zaidi.

Ami ana kaunta buku. Kila mgeni huandikiwa jina la aliyemleta, lakini jina likishakatwa na jingine kuandikwa juu yake, hata ami mwenyewe hajui alikusudia nini. Na siku hizi ana washirika ambao hawajawahi kukanyaga Malindi: mama mmoja wa Ujerumani anayeandika habari za safari kwenye tovuti yake, na wapokezi wa hoteli mbili za Nungwi wanaotuma wageni kwa WhatsApp. Basi akaniita. "Mwanangu, wewe si umesoma kompyuta? Nitengenezee kitu cha kujua nani kamleta nani."

Nimemwahidi mwanzo wa Juni, kabla msimu haujachanganya. Nitaandika hapa kila nikipiga hatua, au nikipigwa.

Jambo moja la jina kabla sijasahau. Papasi ni kupe, na vijana wenyewe hawapendi kuitwa hivyo hata kama wanaitana. Kwenye mfumo kila mmoja ni "mshirika", awe wa Forodhani au wa Ujerumani.

Alhamisi, 6 Februari

Siku tatu nimejaza karatasi. Kushoto nimeandika programu za kufuatilia washirika: Post Affiliate Pro, Tapfiliate, Rewardful, AffiliateWP, TUNE. Kulia fremuweki za kujengea mifumo ya wavuti: Django, Laravel, Rails, Next.js. Katikati safu za bei, urahisi, usalama, lugha. Jana usiku nikampelekea rafiki yangu wa Dar aliyezeeka kwenye kazi hizi. Alijibu kwa sauti, sekunde nane, nusu yake kicheko: "Wewe unalinganisha kanzu na cherehani."

Ana haki. Programu ya kufuatilia ni kanzu iliyokwisha kushonwa. Unavaa leo, ikikubana mabega unavumilia. Fremuweki ni cherehani, haina kola wala mkono mpaka ukae uikanyage. Lakini nimelala nalo, na bado naona swali langu si la kijinga. Mwenye harusi wiki ijayo huwaza kanzu na cherehani kwa pamoja, na anachojiuliza hasa ni kama mwili wake unaingia kwenye saizi za dukani. Nimeichana karatasi. Ya pili ina swali moja tu: biashara ya ami ina mabega ya namna gani?

Jumanne, 11 Februari

Nimejaribu zile zinazotoa siku za majaribio bure, na nyingine nimezisoma maelezo tu.

Rewardful imetoka mapema. Inaegemea Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara zilizoandikishwa Tanzania. TUNE, ile iliyozaliwa kwa jina la HasOffers, ni ya mitandao ya matangazo inayopeleka mamilioni ya mibofyo seva kwa seva. Kumfungia ami ni kumnunulia meli avukie Changuu. Tapfiliate ni nzuri kwa macho.

Post Affiliate Pro, kazi ya Waslovakia, imenishangaza. Ina swichi kwa kila kitu: kamisheni apewe wa kwanza, apewe wa mwisho, au igawanywe. Nilikaa nayo saa nne na nikaanza kudhani mradi umekwisha. Kilichonirudisha nyuma ni ada. Ni ya kila mwezi, kwa dola, msimu uwepo usiwepo. Aprili na Mei mvua ya masika ikinyesha, ofisi ya ami hupitisha siku tatu bila kuuza hata tiketi ya boti. Kamisheni hupumzika msimu ukipumzika. Ada haina masika.

AffiliateWP ndiyo iliyokaribia. Tovuti ya ami ni WordPress, na hii ni programu-jalizi inayokaa humo humo, takwimu zikibaki kwenye hifadhidata yetu. Inakubali kuponi badala ya kiungo cha kubofya, jambo ambalo sikujua kuwa litakuja kuwa kubwa. Kila rufaa, yaani kila mauzo yaliyoletwa na mshirika, ina hali yake: inasubiri, haijalipwa, imelipwa au imekataliwa. Nikamwonyesha dada wa hesabu wa ofisini. Akauliza: "Na mgeni aliyelipia watu wanne, mmoja akaharisha, wakaenda watatu?" Nikasema tunabadilisha kiasi. "Kiasi cha zamani kinabaki wapi?" Hapo nikanyamaza.

Upande wa kulipa, zote zinajua PayPal na orodha za benki. Hakuna hata moja niliyoiona inayomtumia kijana wa Forodhani pesa kwenye simu yake jioni ile ile.

Jumapili, 16 Februari

Leo ni siku ya vidakuzi. Nimekusanya binamu watano na simu zao barazani, nikawanunulia urojo.

Nieleze kwanza kwa atakayesoma baadaye. Mgeni akibofya kiungo cha mshirika, kivinjari chake huachiwa kidakuzi, kijikaratasi chenye namba ya mshirika. Akirudi siku nyingine kununua, tovuti inasoma kile kijikaratasi na kujua nani alimleta. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli pale Netscape ili duka la mtandaoni likumbuke kilichomo kapuni. Amazon walipofungua mpango wao wa washirika Julai 1996 biashara hii ikashika kasi, na mwaka 2000 wakapewa hata hataza yake Marekani. Dalali wa Kariakoo akisikia kuna mtu kapewa hataza ya kulipa kamisheni, sijui atacheka au atadai chake.

Jaribio la kwanza: kiungo ndani ya Instagram. Binamu akabofya, ukurasa ukafunguka ndani ya Instagram yenyewe, akaona bei, akafunga. Nikamwambia fungua kivinjari chako cha kawaida, andika jina la ofisi, nunua. Mfumo ukasema huyu hakuletwa na mtu. Kivinjari cha ndani ya Instagram kina kapu lake la vidakuzi, na Chrome au Safari hawalioni. Mama wa Ujerumani ana wasomaji wengi huko huko Instagram.

La pili: WhatsApp. Nilituma kiungo kwenye kundi la familia, na kabla mtu hajagusa, dashibodi ikahesabu mbofyo. Ni WhatsApp iliyokwenda kuchukua picha na kichwa cha habari cha kuonyesha chini ya ujumbe. Kwenye kumbukumbu za seva inajitaja kwa jina lake kabisa, kwa hiyo kuichuja si kazi. Lakini mshirika anayeona mibofyo 40 na ziara sifuri atasema ofisi inamwibia.

La tatu linahitaji siku, na nilishalianza tarehe 6: iPhone. Wageni wengi wa ami wanatoka Ulaya na wanatumia kivinjari cha Safari (jina hili linanisumbua kila sentensi, Safari ya Apple na safari ya Kizimbani). Tangu 2017 Safari ina kinga dhidi ya ufuatiliaji, na Apple wamekuwa wakiibana mwaka hadi mwaka. Tangu 2019, kidakuzi kilichoandikwa na JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari ndani ya ukurasa, hakiishi zaidi ya siku 7. Tangu Machi 2020, vidakuzi vya tovuti ya tatu, yaani isiyo ile unayoitazama, vimezuiwa vyote. Programu nyingi za kufuatilia hukupa kijisehemu cha JavaScript ubandike kwenye tovuti, basi hesabu: mtu asome Berlin mwezi wa pili, anunue mwezi wa tatu, kijikaratasi kilishakufa zamani. Simu ya binamu niliyoipa kidakuzi cha siku 30 tarehe 6, jana hakikuwapo.

Kuna njia. Kidakuzi kikiandikwa na seva yako mwenyewe, kwenye kichwa cha jibu la HTTP, Safari hukiacha kiishi, mradi seva hiyo iwe kweli ni ya tovuti ile. Hila ya kuiazima anwani yako seva ya kampuni nyingine Safari iliifunga mwishoni mwa 2020, na 2023 wakaongeza kulinganisha anwani za mtandao za seva mbili. Kwa lugha ya barazani: mgeni anayevaa kofia ya mwenye nyumba anajulikana. Hii ndiyo hoja ya kwanza ya maana niliyoipata upande wa cherehani. Mfumo ukiwa wetu, seva yetu ndiyo inayoandika.

Jumatano, 19 Februari

Nimemsimulia ami habari ya Honey. Ni kijiprogramu cha kivinjari kinachotafutia watu kuponi. PayPal walikinunua kwa takriban dola bilioni 4, mkataba ukakamilika Januari 2020. Desemba iliyopita mtengeneza video wa YouTube anayejiita MegaLag alikituhumu kwamba, mteja akifika kwenye kulipa, hubadilisha kidakuzi cha aliyempeleka dukani na kuweka chake. Kanuni iliyoenea kwenye programu hizi ni "wa mwisho huchukua", basi wa mwisho huwa yeye. Wenye chaneli kadhaa wamefungua mashtaka Marekani.

Ami hakushangaa. "Si yule wa mlangoni? Anangoja mgeni aliyetoka kwa mwenzake, anamfungulia mlango, anaingia naye."

Nikampa na ya eBay: mshirika wao aliyekuwa akilipwa kuliko wote alikuwa akipachika vidakuzi kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubofya kitu, wakinunua lolote eBay baadaye anahesabiwa. Alifungwa miezi 5 mwaka 2014. "Huyo," ami akasema, "ni yule anayekaa bandarini boti ya Dar ikitia nanga, anasema wote hawa wageni wangu."

Nimetoka pale na jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka. Programu iliyo tayari huja na mila zake. "Wa mwisho huchukua, siku 30" ni mila ya watu fulani kwenye soko fulani, imeandikwa kama namba kwenye ukurasa wa mipangilio ukadhani ni hesabu. Fremuweki haina mila. Shida ni kwamba lazima uiandike ya kwako, na ami hajawahi kuandikiana na mtu.

Nimemuuliza moja kwa moja: kati ya wale wawili, nani alistahili? Akafikiri. "Wa kadi. Lakini nilimpa wa mlangoni, maana ndiye aliyekuwa akipiga kelele."

Jumatano, 26 Februari

Nimeamua cherehani. Sasa ipi.

Rails nimeiacha bila kinyongo. Inafanya kazi hii vizuri, ila hapa Unguja namjua mtu mmoja tu anayeiandika, na mfumo wa ndugu lazima urithike. Next.js rafiki yangu anaipigia debe, lakini huu ni mradi wa fomu, majedwali na pesa, kurasa zenye mbwembwe ni mbili.

Imebaki Laravel na Django, na hapa nimepata tabu ya kweli. Laravel ya Taylor Otwell (2011) imetoa toleo la 12 juzi Jumatatu. Imeandikwa kwa lugha ya PHP, na tovuti ya ami tayari ni PHP; mkodisha seva yeyote wa bei nafuu anaibeba. Foleni za kazi na ratiba zimo ndani: "kila saa moja lipa waliothibitishwa" ni mistari michache. Kwenye Django 5.1 hilo halimo, unafunga Celery, programu ya foleni, au unarudi kwenye cron ya mababu, ile saa ya kuamsha kazi kwenye seva.

Lakini Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza 2003 kwenye gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, ikatolewa kwa umma Julai 2005, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Waandishi walihitaji pa kuingizia taarifa leo leo bila kumngoja fundi, ndiyo maana ina ukurasa wa utawala unaojitengeneza wenyewe. Dada wa hesabu ni mwandishi wa habari wa ofisi ile. Kwa kutwa moja nilimpa pa kuona washirika, ziara na malipo, kila badiliko likiandikwa nani kalifanya na saa ngapi. Na ina Kiswahili ndani yake, ingawa hapa na pale Kiingereza kinachungulia.

Kwa Laravel ningejenga kitu kile kile, wapo wenye vifurushi vya kazi hiyo na vingine ni vizuri sana. Nimeegemea Django kwa sababu ya mtu mmoja atakayekaa mbele ya kioo. Nusu saa baadaye nikajuta nilipotafuta mkodisha seva wa Python, lugha ya Django, kwa bei ya PHP. Nimekodi seva ndogo ya peke yetu, nitaitunza mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani. Kazi ni baada ya tarawehe, na ubongo ni wa tende na uji.

Usiku huu dada wa hesabu ameniuliza jedwali la kamisheni likoje. Nikamwonyesha: ziara, mshirika, kiasi, hali. Hali ikibadilika tunabadilisha neno, kiasi kikibadilika tunabadilisha namba. Aliinamia kioo kwa muda. Kisha akaifungua kaunta buku, akaniwekea kidole kwenye jina lililokatwa, lile la Wajerumani.

"Umetengeneza hii hii. Yako hata mkato hauonekani."

Amenifundisha mpaka usiku wa manane, kwa kalamu. Mstari hauguswi. Umekosea, unaandika mwingine wa kuurudisha nyuma, kisha wa tatu ulio sahihi. Wanne wakawa watatu: mstari wa ahadi 64,000, mstari wa kutoa 16,000, sababu "mgeni mmoja kaumwa". Anachodai mshirika ni jumla ya mistari yake, basi. Hakuna "hali" ya kubadilisha.

Nimefuta kazi ya wiki mbili bila maumivu. Jedwali jipya ni leja: linaongezwa tu. Kwenye PostgreSQL, hifadhidata yetu, nimemnyang'anya mtumiaji wa programu ruhusa ya kubadilisha na kufuta kwenye jedwali hilo, ili hata mimi nikiandika upuuzi saa nane usiku hifadhidata inikatalie. Fedha ni shilingi kamili, namba nzima. Kompyuta inayojumlisha 0.1 na 0.2 ikapata 0.30000000000000004 isiguse riziki ya mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Fupi. Ijumaa imetangazwa kasoro kubwa ya Next.js: mtu akiongeza kichwa fulani, yaani mstari wa maelezo, kwenye ombi lake kwa seva, ukaguzi wa ruhusa ulioko kwenye tabaka la kati unarukwa kabisa. Matoleo 14.2.25 na 15.2.3 yameziba. Rafiki yangu wa Dar amekesha wikiendi akiwasasishia wateja. Sikumtania, kila cherehani ina siku yake ya kuchoma mkono wa fundi.

Ijumaa, 4 Aprili

Eid imepita. Mambo mawili.

Juzi imetoka Django 5.2, toleo la kutunzwa muda mrefu, marekebisho ya usalama mpaka Aprili 2028. Laravel 12 ni mpaka Februari 2027. Kwa kampuni yenye mafundi tofauti hiyo si kitu. Kwa ami, ambaye fundi wake anaweza kupata kazi Muscat kesho, mwaka mmoja ni mwingi. Nimehamia 5.2 leo, vipimo 61 vimepita, viwili vimekwama kwa uzembe wangu.

La pili ni fedha. Machi 28 zimetoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni: bei za ndani zitajwe kwa shilingi. Ami ameamua tovuti nzima iwe ya shilingi. Nilikuwa na moduli nzima ya kubadilisha dola, yenye swali lililoninyima usingizi: kiwango cha siku ya kuweka nafasi, cha siku ya ziara, au cha siku ya kulipa? Nimeifuta yote. Mistari 340. Sijawahi kufurahia kanuni ya serikali namna hii.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Umeme umekatika mara nne.

Google wametangaza Jumanne kwamba hawataleta dirisha la kuwauliza watumiaji wa Chrome kuhusu vidakuzi vya tovuti ya tatu. Mpango wa kuviondoa kabisa walishauacha Julai mwaka jana. Miaka mitano watu walijiandaa kwa mazishi na maiti kaamka. Kwetu haibadilishi kitu: nusu ya wageni wako kwenye iPhone, na mgeni wa Forodhani hana kidakuzi chochote, ana kadi mfukoni yenye chumvi ya bahari.

Nimemaliza sehemu ya saa, na imenitesa kuliko ya pesa. Seva huweka saa ya dunia, sisi tuko mbele saa 3. Ripoti ya kwanza iliwahesabu walioweka nafasi baada ya saa sita usiku kama wateja wa jana. Hilo ni rahisi. Gumu ni fomu ya mshirika. Kijana aliandika "saa 2" na mfumo ukampangia mgeni gari saa nane za usiku. Na mwingine aliandika "usiku wa Ijumaa", akiwa na maana yetu ya pwani, yaani Alhamisi ikishakuchwa. Fomu sasa haiandikwi saa. Unachagua picha ya jua: asubuhi, mchana, jioni. Fremuweki haikunisaidia hapa, wala programu ya Waslovakia isingenisaidia.

Jumanne, 13 Mei

Nimepigwa.

Tulianza kulipa kwa simu wiki iliyopita, washirika watatu wa majaribio. Jana jioni cron iliomba malipo ya 48,000 kwa mmoja wao. Jibu halikurudi ndani ya sekunde 30, msimbo wangu ukasema limeshindikana, dakika kumi baadaye ukaomba tena. Yote mawili yalipita. Kijana kapokea 96,000.

Kosa ni langu tupu. Kutojibiwa nilikuhesabu kuwa ni kukataliwa. Sasa kila malipo yanazaliwa na namba yake ya kumbukumbu kabla hayajatoka, hifadhidata hairuhusu namba hiyo mara mbili, na jibu likikawia mfumo unauliza kwanza "ile namba imefika wapi?" Lisipojulikana, anaitwa binadamu. Leja imeongezwa aina ya mstari: "imezidi". Programu za dukani zilishafanya makosa haya miaka ishirini iliyopita kwa fedha za watu wengine, na hiyo ndiyo sehemu ya ada yao ambayo sikuipigia hesabu mwezi wa pili.

Kijana alipiga simu mwenyewe kabla sijajua. "Kaka, kompyuta yako imenipenda." Karudisha 48,000. Ami kasema apewe elfu mbili ya daladala.

Jumapili, 1 Juni

Tumezindua, kimya kimya, washirika 14.

Viungo vya kubofya vipo, kwa mama wa Ujerumani na wenzake. Wengine wote wamepewa neno. Mgeni anakuja na neno, analisema kaunta au analiandika kwenye fomu, kwisha. Halijali Instagram wala iPhone. Nimechagua maneno ya Kiswahili kwa sababu mgeni hulipenda na kulirudia: PWEZA, KASA, ILIKI, KARAFUU. Yasifanane kwa herufi moja, ndiyo maana KASHA imekataliwa. MDALASINI ilikufa siku ya kwanza, hakuna Mzungu aliyeiandika sawa.

Vijana wanne walitaka SIMBA. Nikasema hapewi mtu. Wa Yanga walishangilia kana kwamba ni goli.

Mila ya ami sasa imeandikwa, ukurasa mmoja, imebandikwa ukutani na imo kwenye msimbo: neno linashinda kiungo, neno la kwanza kutajwa na mgeni ndilo, kufungua mlango si kuleta mgeni. Kila mshirika anafungua ukurasa wake kwa simu na kuona mistari yake tu. Jina la mgeni haoni, anaona tarehe na ziara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwapo, kijana wa Forodhani hana haja ya kujua mgeni amelala hoteli gani.

Jumatano, 18 Juni

Wiki mbili na nusu. Dada wa hesabu amekataa kuitupa kaunta buku; ataandika kote kuwili mpaka mwisho wa Agosti. Nilinung'unika. Leo tumelinganisha kwa mara ya kwanza.

Tofauti: 27,000.

Tumekaa saa mbili. Ishirini na nne elfu zilikuwa za boti ya Changuu ya Jumamosi. Kusi ilivuma, wageni wakapangiwa Jumatatu. Mfumo wangu uliithibitisha kamisheni Jumamosi usiku, kwa kuwa tarehe ya ziara ilipita na hakuna aliyefuta. Mwisho wa wiki yangu ulikuwa nayo, wake haukuwa nayo. "Mgeni hajapanda boti," kasema, "kamisheni ya nini?" Sasa haithibitishwi na kalenda, nahodha au dereva anabofya "wamerudi" kwenye simu yake. Kazi ya jioni moja.

Zimebaki elfu tatu. Nimezifuata mstari kwa mstari mpaka tarehe 9 Juni, ILIKI, watu watano Jozani. Kaunta buku imejumlisha vibaya. Mwandiko ni wake. Bado sijamwambia, nangoja anywe chai kwanza.